Pacha wa Upanga wa Mwalimu Khachon

Baba mkwe wangu, Thongyu, alifua panga maisha yake yote kando ya mto Pa Sak, na sikuwahi kumwona akishika rula. Mwanawe Prasoet, mume wangu, aliponitoroka akaenda kuishi na muuza vipodozi wa Saraburi, nyumba nzima ilinipa kisogo. Mzee peke yake alikuja jikoni, akaketi, akala wali wangu mpaka akamaliza sahani. Ndiyo maana nasimulia habari zake, si za yule mwanawe.

Mwaka huo Mwalimu Khachon, anayefundisha vijana kucheza na panga mbili, alivunja upanga mmoja wa jozi aliyofuliwa na mzee zamani. Akaleta uliobaki.

"Mjomba, nipatie pacha wake."

"Pacha nimtoe wapi? Mimi mkunga?" Lakini tayari alikuwa ameulaza kwenye kiganja, amefumba macho.

Kazi ilihitaji nyundo kubwa mbili. Moja ya shemeji yangu Wichian; ya pili ilikuwa ya Prasoet. Mzee akaniita mimi.

"Baba, mwanamke hajavuka kizingiti hiki tangu enzi za babu," Wichian alisema. "Walimu wetu waliokufa watakasirika."

"Nimeshawaomba." Mzee alionyesha maua na ubani mbele ya jiko la kufulia chuma. "Wewe umewasikia wakikataa?"

"Haya. Ila upanga ukipasuka, shemeji, ufungashe nguo zako. Mume huna, hapa unakaa kwa nani?"

Mzee alinisukumia nyundo ya Prasoet. Nami niliishika, ingawa kwetu hakuna aliyebaki wa kunipokea.

Mzee alishika nyundo ndogo. Alipogonga, nasi tuligonga papo hapo, Wichian kisha mimi, na chuma kikatembea kama unga wa maandazi chini ya mkono. Mikono yangu ilitoka malengelenge, nikasahau kuyasikia. Kile kipande cheusi, kibaya, kilianza kujikunja taratibu kama jani la mpunga lililolemewa na umande. Mara kwa mara mzee alinipa upanga wa zamani.

"Fumba macho, mwanangu. Uzito umekaa wapi?"

"Hapa, juu kidogo ya ngumi."

Kisha alinipa mpya, uliopoa. "Na huu?"

"Unakimbilia nchani."

"Basi bado."

Siku ya kuuzamisha ili uwe mgumu, alifunga madirisha ili aione rangi ya moto. Chuma kilipowiva kikawa na rangi ya machungwa kama popoo mbivu, alikitoa, akakiingiza majini. Maji yalipiga yowe. Halafu, tak!

"Umesikia?" Wichian alinigeukia. "Kafungashe."

Mzee hakutikisika. Aliushikilia upanga mpaka maji yakanyamaza, akautoa, akaugonga kwa ukucha. Ukalia, sauti nyembamba, ndefu. Akaugonga ule wa zamani, ukaitika kwa sauti ile ile, na zote mbili zikaning'inia gizani mpaka nywele zikanisimama. Nimeimbiwa harusini, nimesikia vilio msibani. Sijasikia kitu kizuri kama kile.

Kwenye jiko la kufulia, fundo jingine la mwanzi likapasuka ndani ya makaa. Tak!

Mzee akafungua dirisha.

"Wichian, mletee shemeji yako henzirani. Mpini atausuka yeye, na kila mpini utakaotoka hapa."

Wichian alileta. Hakunitazama usoni, nami sikumshukuru.