Mchungaji wa Kikwembe

Kikwembe cha mama, kile kitenge chake cha juu, kilikuwa changu kabla hakijawa cha yule msichana. Nilipokuwa mdogo, kila mama alipotoka alikifungua kiunoni, akabaki na cha ndani, akanifunika mabegani na kusema, "Unichungie. Nitarudia kukamata." Nilikaa na ile harufu ya sabuni na moshi bila wasiwasi, nikijua atarudi kukichukua, kwa sababu hakuna mwanamke anayeacha kikwembe kizuri moja kwa moja. Kumbe akina mama wengi wa kwetu hufanya hivyo. Mimi niliamini mama yangu ndiye aliyebuni, na alibuni kwa ajili yangu.

Vita vya pili vya nchi yetu vilinikuta nimemaliza masomo ya saikolojia. Nilifanya kazi katika ofisi ya kanisa iliyowatafutia familia vijana waliopoteza wazazi njiani. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Alipokuwa mdogo, watu wakikimbia karibu na Sange, mama yake alimwambia angoje kando ya barabara. Hakurudi.

Familia tatu za Bukavu zilimpokea, na zote zilimrudisha. Siku ya kwanza alimwita kila mwenye nyumba "maman", nao wakasema mtoto huyu ana upendo. Sikuamini. Neno unalompa kila mtu hujampa mtu. Na kweli, masasi ya bunduki yakilia, au mwenye nyumba akichelewa sokoni, alitoroka. Aliacha kabla ya kuachwa.

Mimi mwenyewe nilimsimulia mama haya yote mezani.

"Mulete hapa," akasema.

Ofisi ilikubali kwa sharti moja: akitoroka na kwetu, atapelekwa kituo kikubwa nje ya mji, na hakuna familia nyingine itakayoombwa.

Kwetu hakusema "maman". Alimwita mama "madame", kama mwanafunzi, maana mama alikuwa mwalimu, ingawa mshahara haukuja na alasiri aliuza unga soko la Nyawera. Niliambia ofisi kwamba hiyo ni dalili nzuri, kwamba safari hii anapima kwanza. Niliyasema hayo kwa uso wa kazi. Moyoni nilifurahi kwa sababu nyingine kabisa.

Msichana alificha bugali ndani ya foronya. Mama aliifua foronya, kisha akaweka humo bugali nyingine, ya moto, imefungwa vizuri kwenye jani. Mimi nilipoficha sukari utotoni nilichapwa.

"Ulikuwa unajua utakula kesho," mama aliniambia nilipolalamika.

Jibu lilikuwa sahihi. Ningeweza kulitoa mimi mwenyewe mbele ya familia yoyote ya mji huu, na halikunipunguzia uchungu wowote. Paroko alihubiri kwamba upendo haupungui ukigawiwa. Nani alipima? Mimi niliona kipande cha samaki kikihama kutoka sahani yangu.

Kisha alasiri moja mama, akijiandaa kwenda Nyawera, alifungua kikwembe. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Akamfunika yule msichana mabegani. "Unichungie. Nitarudia kukamata." Maneno yale yale, hakubadilisha hata moja.

Siku hiyo masasi yalianza upande wa soko. Watu walipanda mlima wakikimbia, wengine na mizigo, wengine na kiatu kimoja. Nilifunga mlango na kusimama mbele yake, nikijua msichana akitaka kutoka sitamweza. Alinyanyuka. Akauangalia mlango, kisha dirisha. Akaketi chini ya meza, akakivuta kikwembe hadi kidevuni.

"Hautakimbia?" nikauliza.

"Atakuta nani na kikwembe yake?"

Hilo ndilo tulilolitafuta ofisini kwa miezi. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilijiuliza mama yuko wapi, na nikakitaka kile kitambaa kama mtu anavyotaka maji.

"Sogea kidogo," nikasema.

Aliniangalia juu mpaka chini. "Wewe iko mukubwa. Yako iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo."

"Bongo. Unanidanganya."

"Si bongo. Uliza mama."

Risasi ikapita karibu. Alinitupia ncha moja. "Shika hapo. Lakini usivute."

Tukakaa chini ya meza, kila mtu na upande wake, hadi kelele zikaisha na giza likaanza kuingia. Mama aligonga mlango akiwa na unga hadi kwenye nyusi, bila gunia. Nilimfungulia, ncha bado mkononi, na msichana akaja nyuma yangu akiburutwa na ncha ya pili.

Mama hakuuliza kama tuko wazima. Alimtazama yeye, kisha mimi, akacheka.

"Niliacha muchungaji moja. Nakuta wawili?"

"Huyu hakuchunga, maman," msichana akasema haraka. "Mi nilichunga. Yeye alikuwa anavuta."

Hakusema "madame". Mama alinyoosha mkono kupokea kikwembe chake.

"Bongo," nikasema. "Mama, mwongo huyu."

Lakini nilikuwa nimevuta.