Kiko Kisichopanda Mtende

Duka la tumbaku limefunguliwa sasa hivi hapa Buraimi, na Suwaidan bin Hashil, mkwezi wa mitende, ameshika viko viwili: kimoja kifupi kama kidole, kingine chembamba na kirefu.

"Chukua hiki kifupi, ami," anasema Mattar, muuzaji. "Kinakaa mfukoni kama ufunguo. Tumbaku yake chembe tu. Pafu moja, umemaliza."

Suwaidan anakitia kwenye mfuko wa kifuani, anaikumbatia nguzo ya duka na kupandisha magoti kama yuko kazini. Kiko hakimchomi popote.

"Ami, unanunua kiko au unaposa nguzo?" Mattar anamtania.

Suwaidan hacheki. Mwezi uliopita alikuwa anachavusha mtende mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Akavuta tumbaku huko huko juu, pafu la kwanza la siku, kwa kiko cha kichwa kipana. Tumbaku ya huku haina mchezo. Pafu la asubuhi ndilo linalozungusha kichwa kuliko yote.

"Miguu ilikufa," anasimulia. "Niliona ardhi inanijia. Nikaning'inia kwa kamba ya kiunoni, hata jina la Mungu halitoki mdomoni."

Kamba ilimshika. Tangu siku hiyo, kila akiifunga, anaivuta mara tatu kuhakikisha fundo. Lakini maua ya mitende hayamsubiri mwoga: yasipopakwa unga wa mtende dume mapema, hakuna tende, na mkwezi halipwi. Ana miaka hamsini na mmoja. Kazi nyingine hajui, na tumbaku imemshinda kuacha.

Moza, mkewe, anaingia kutoka garini.

"Baba Ghubaish, hicho kimekaa vizuri mfukoni?"

"Vizuri sana."

"Basi utapanda nacho, na ndicho kitakachoniacha mjane."

Moza anachukua kile kirefu. "Hiki nacho kichwa chake kidogo. Haya, ikumbatie nguzo yako."

Suwaidan anakitia mfukoni, anaikumbatia. Mrija unamchoma chini ya kidevu.

"Hicho hicho," anasema Moza. "Utavutia chini, umekaa. Kichwa kikitulia, ndipo upande."

"Na nikikitamani juu?"

"Shuka!"

Shambani, Suwaidan anakaa chini, anavuta pafu moja, anafumba macho mpaka dunia isimame. Kiko kirefu anamwachia mkewe.

"Nataka kumaliza msimu huu na mifupa yangu yote," anasema akifunga kamba. "Mwakani, nikijaliwa, naacha kabisa."

Katikati ya mtende anasita. Shavu limegandamana na shina.

"Moza!"

"Nipo."

"Usiondoke."

"Niende wapi, mume wangu? Panda."

Mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga, unapata. Kisha wa pili.