Alama za Vidole Shavuni

Katika kliniki ya watoto ya Ziwa, tuliwapaka watoto dawa ya kuzuia meno kuoza, kila mtoto akiwa amelala juu ya magoti yangu na ya mama yake. Msichana mmoja wa miaka mitatu alinipiga teke kifuani, kisha akaning'ata kidole hadi damu ikatoka. Nikambana taya kwa hasira.

"Mkaze tu, daktari," mama yake akacheka. "Huyu hupigana kama ndama anayetumbukizwa kwenye josho la dawa ya kupe!"

Nilimaliza meno yote. Alipoinuka, vidole vyangu vilikuwa vimeacha alama nyekundu shavuni mwake.

Siku ya kurudia dawa, mama alikuja peke yake.

"Amekimbilia kwenye mahindi," akasema. "Siku hizi hata mswaki akiuona, anafunga mdomo."