Nilimwaga uji wa mama mkwe siku ya leba: yaliyonikuta Kahama

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, rika langu tusalimiane tu.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, siyo jirani wala "rafiki yangu mmoja". Nimekaa nacho moyoni mpaka mtoto ameanza kukaa, leo nakitoa. Anayeona natunga apite, nyuzi ziko nyingi humu.

Kwanza mnijue. Naishi Masumbwe, nauza mabuti, tochi za kichwani na kamba kwa wachimbaji.

Biashara hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mteja anakuja na kipande kinang'aa, anakuapia kwa mama yake mzazi kuwa ni dhahabu, kumbe shaba. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema hata jogoo akiwika mimi lazima nifungue dirisha nihakikishe kumekucha.

Huyo mume, Baba Neema, ni mchimbaji. Msukuma wa hukohuko Mbogwe. Mimi ni wa kuja, kwetu Singida.

Neema ndiye mtoto wetu wa kwanza, na nilimzaa kwa mateso. Sitasimulia yote maana humu kuna mabinti hawajazaa. Niliomba dawa ya maumivu, nesi akaniambia, "Kaza moyo, kwani mama yako alichomwa sindano?" Basi nikakaza. Nilitoka pale nimeapa kuwa nikibeba mimba nyingine, suala la maumivu nitaamua mimi, siyo nesi.

Mimba ya pili ilipokuja nikaanza kliniki kwenye hospitali moja ya binafsi, Kahama mjini. Sitaitaja, msinifuate inbox kuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole kupita kiasi, na upole huo ndio ulionitisha kwanza. Nikamuuliza habari ya maumivu. Akanieleza option zote bila haraka. Kuna kutembeatembea na kukandwa mgongo, kuna sindano ya paja ambayo inapunguza kidogo, halafu kuna ganzi ya mgongo, wenyewe wanaita epidural. Hiyo ya mwisho inabidi mtaalamu wao wa usingizi awepo, na nifike mapema.

Akaongeza kitu kimoja. "Mama Neema, mimi siamui. Ila usije umekunywa mizizi. Ukinywa mizizi, chaguo linatoka mikononi mwako na mwangu."

Nikatoka pale machale yananicheza. Anayekuambia "wewe ndiye unayeamua" mara nyingi ameshaamua.

Na mtaani nako walinijaza. Dada wa saluni akasema ganzi ya mgongo inakuachia ulemavu. Mwingine akasema wanakufanya ushindwe kusukuma ili wakupasue, maana kisu ndicho chenye bili. Nikakosa usingizi kwa kuwaza.

Nikafanya ninavyofanya dukani. Kitu kimoja, watu wawili, siku tofauti. Nikarudi kliniki siku ambayo yule daktari hayupo, nikamuuliza mkunga wa zamu maswali yaleyale kama vile sijawahi kusikia. Akanijibu yaleyale, mpaka na ubaya wake: kichwa kinaweza kukuuma baadaye, presha inaweza kushuka, miguu inakuwa mizito kwa muda. Mtu anayekutajia na ubaya wa bidhaa yake huyo walau umsikilize.

Nikachagua ganzi ya mgongo. Nilifurahi siku hiyo, wakuu, sitaficha. Nilijiona mtu mzima.

Mwezi wa kujifungua ulipofika tukapanga nyumba Nyasubi ili niwe karibu na hospitali. Mimi, mume wangu, na mama yake aliyekuja kunisaidia. Neema tulimwacha kwa shangazi yake.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, maana wengi wenu hamjaishi machimboni.

Kila duara, yaani lile shimo wanaloshuka kuchimba, lina miko yake. La akina mume wangu lina mwiko kwamba mwanaume ambaye mke wake ameingia mwezi wa kujifungua hashuki mpaka mtoto atoke. Wanasema damu ya uzazi na mwamba havipatani, dhahabu inakimbia. Usicheke, kule watu wamefukuzwa kwenye timu kwa kudanganya jambo hilo.

Na balaa lenyewe, ndiyo wakati duara lao lilikuwa limeanza kutoa mawe ya maana. Wenzake wanashuka, yeye yuko Nyasubi ananioshea vyombo. Simu haitoki sikioni. Kila asubuhi swali lake ni lilelile, "Vipi Mama Neema, hujasikia kitu?"

Mimi nikaona nimepata mume anayejali.

Macho yangu yote yalikuwa kwa mama mkwe. Yule mama Kiswahili chake ni cha shida, akiongea na simu anahamia Kisukuma na kushusha sauti. Ganzi hakuipenda. Aliniambia wazi, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "uchungu ndio unamfanya mtu aitwe mama." Halafu kwenye kikapu chake niliona kopo dogo limefungwa kitambaa, nikiingia analifunika.

Nikasema ndiyo hiyo, mizizi hiyo. Huku kwetu kuna dawa ya mizizi wanawapa wajawazito ili uchungu uje haraka na uishe haraka. Nimeshaona mtu akizikwa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo sikula chochote alichokipika bila yeye kula kwanza. Akipika ugali nasubiri amege. Maji nakunywa ya chupa, nafungua mwenyewe. Mama wa watu ananisalimu "mwangaluka" asubuhi, mimi naitikia huku naangalia mikono yake.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi mama mkwe akaniletea uji wa mtama, kikombe kimejaa, akaniambia ninywe nipate nguvu. Nikamshukuru. Alipoenda kufua nikatoka nyuma ya nyumba, nikaumwaga wote chini ya mgomba. Akarudi akakuta kikombe kitupu. "Umemaliza, mayu," akasema, uso umemng'aa. Nikaitikia kwa kichwa nikijiona mjanja wa mji mzima.

Baadaye kidogo mume wangu akaniletea chai ya tangawizi. Alijua uji wa mama yake siunywi, nilikuwa nimemnong'oneza. Chai ilikuwa chungu, nikamwambia tangawizi imezidi. Akasema ndiyo nzuri kwa kifua. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Jua halijafika utosini, uchungu ukaanza. Haukuanza kwa kubisha hodi kama wa Neema. Ulikuja wote, haupumui. Kwa kawaida unabana, unaachia, unapata nafasi ya kumeza mate. Huu ulibana na kukaa hapohapo.

Tukakimbizwa hospitali kwa bajaji. Kwa kuwa ni binafsi waliruhusu mtu mmoja kuingia na mimi leba. Nilimtaka mume wangu, akasema yeye damu haiwezi. Akaingia mama yake.

Pale kitandani mama mkwe akatoa lile kopo. Nikataka kupiga kelele, uchungu ukanikatiza. Akafungua kitambaa, akachota, akaanza kunikanda kiuno. Ilikuwa samli. Samli ya ng'ombe wao, ameibeba kutoka kijijini kwa ajili ya mgongo wangu, na alikuwa anaificha maana alisikia hospitali wanafukuza watu wenye vitu vya kienyeji.

Naomba mniamini, ile mikono ndiyo kitu pekee kilichonipa nafuu saa ile.

Nesi akaja, akanipima, akaniangalia machoni. "Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Wote mnasema hivyo."

Nikaapa. Na nilikuwa naapa kweli tupu. Mnajua tabia ya wodi zetu, mwanamke akikubali kuwa amekunywa mizizi anatukanwa mpaka ukoo, kwa hiyo kila mtu anakataa, na kwa hiyo manesi hawamwamini yeyote. Siku hiyo nilikuwa mkweli mahali ambapo ukweli hauna soko.

Daktari yule mpole akaingia. Akasikiliza mapigo ya mtoto, uso ukabadilika. Nikamwambia nataka ganzi yangu, tulikubaliana. Akasema, "Mapigo ya mtoto yanashuka. Mfuko wa uzazi unabana bila kupumzika, na sababu siijui. Sikuchomi kitu kabla sijajua umekunywa nini."

Mimi nikasema moyoni, hao sasa, wamefika kwenye kisu chao.

Hapo mama mkwe akaacha kukanda. Akasema kwa kile Kiswahili chake, taratibu, "Ni mimi. Nimemwekea dawa kwenye uji. Ya mizizi, ya kuharakisha."

Nesi alimsema yule mama, wakuu. Alimsema mbele ya watu, mwanamke wa kupewa shikamoo. Mshenzi, muuaji, mshamba, yote alipewa. Yeye kainamisha kichwa tu, mikono ina samli.

Lakini jibu lilikuwa limepatikana na watu wakaanza kukimbia. Nikalazwa upande wa kushoto, dripu, hewa ya oksijeni. Mtoto hakutulia, ikaamuliwa upasuaji. Mtaalamu wa usingizi akanikunja, akanichoma palepale mgongoni nilipotishwa miezi yote ile. Muda mfupi tu maumivu yakaondoka, nikalia kwa ahueni. Ila sikuwa nimechagua. Daktari alikuwa ameniambia mapema, chaguo litatoka mikononi mwangu.

Mtoto wa kiume. Alikawia kulia. Sitawaambia alikawia kiasi gani. Halafu akalia.

Sasa nilipokuwa nimelala wodini, akili ya dukani ikarudi. Mama mkwe amesema dawa ilikuwa kwenye uji.

Uji niliumwaga.

Nikageuza hilo neno upande huu na ule. Siku ile nilikuwa nimetia mdomoni vitu viwili tu, maji ya chupa niliyoifungua mwenyewe, na chai. Baba Neema aliyekuja kuniona ana machungwa alikuwa anaongea na viatu vyake.

Tuliporudi Nyasubi, yeye akiwa sokoni, nikamwita mama mkwe. Nikamwambia, "Mama, ule uji sikuunywa. Niliumwaga kwenye mgomba."

Akamvuta mtoto kifuani. Kisha akasema, "Niliosha kikombe cha chai, mayu. Harufu ile naijua toka msichana."

"Kwa nini ulikubali kutukanwa?"

"Mtoto alikuwa anachoka ndani. Nimsubiri mwanangu apate moyo wa kusema?"

Nililia siku ile kuliko leba. Yule ndiye mtu niliyekuwa nasubiri amege ugali kwanza.

Funzo langu ni hili. Akina mama, ulizeni mapema habari za dawa za maumivu, ulizeni na ubaya wake, akili ya kuambiwa changanyeni na yako. Na ukiulizwa umekunywa nini, sema, hata kama unashuku tu, waache wakutukane. Nanyi manesi mlioko humu, mkituma matusi mbele, ukweli unabaki nyuma. Na kushuku siachi. Ila nilikuwa nashuku wa mbali, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Baba Neema amerudi duarani, mtoto ametoka na mwiko umeisha. Hajaniambia kitu, na mimi sijamwambia kuwa najua. Mama yake naye amenyamaza.

Ila kuna jambo nimeliona. Kila asubuhi kabla hajaondoka namwekea chai mezani. Zamani alikuwa anaidaka na kuimaliza akiwa amesimama. Siku hizi anaishika, anainusa, ananitazama, halafu anasubiri nianze kunywa yangu.

Sasa nisaidieni kimawazo, wakuu, hasa wenye ndoa: nimwambie, au nimwache aendelee kunusa?