Mtani Niliyemzika Dagoretti

Nilikaa Dagoretti karibu miaka sita na rafiki nilikuwa naye mmoja. Jina lake nalijua, la marehemu mumewe nalijua, ya wanawe wote na ya ng'ombe wake watatu, lakini hapa siandiki hata moja. Wasije wakasema bibi wa Tanzania amewaanika mara ya pili.

Nilitoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Binti yangu aliolewa na Mkenya, Mkenya akamwacha na mtoto mchanga, naye alikuwa karani kwenye ofisi moja ya Upper Hill, anatoka gizani na kurudi gizani. Akanipigia simu kwamba msichana wa kazi ameondoka bila kuaga. Nikafunga mzigo.

Mjukuu akilala sikuwa na wa kusema naye. Kwenye ploti yetu vyumba vilikuwa kumi na viwili, vyote vya vijana wenye haraka. Mimi nimezoea kumwamkia mtu na habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Wao wanajibu "poa" huku wameshafika getini. Watoto wao ukiwangoja wakupe shikamoo utangoja mpaka uote mizizi.

Mwenye ploti alikuwa mama wa Kikuyu, mjane, wa rika langu, nyumba yake nyuma ya vyumba vya kupangisha. Kila asubuhi aliuza maziwa getini kwa kopo la bati. Siku ya kwanza nilisimama foleni, zamu yangu ikafika, nikasema, "Naomba unipatie nusu lita, mama, kama yapo."

Akawageukia wenzangu. "Huyu anaomba maziwa ni kama anaomba msamaha."

Watu wakacheka. Nami nikajibu, "Nimeomba taratibu kwa sababu najua ni maji nitakayopewa."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, ingawa wote walikuwa wanayanywa. Yeye akanitazama, akaweka kopo chini, akacheka mpaka akashika mwamba wa geti. Kuanzia siku hiyo nikawa naletewa kopo langu mkononi, na tusi juu yake.

Ilibidi nimweleze mambo ya utani. Kwetu mtani si mtu wa mchezo tu. Mtani wako anakutukana mbele ya watu na huna ruhusa ya kukasirika, na siku ukifa ndiye anakuja kukuzika. Mume wangu alipokufa, watani wetu Wazaramo walivaa koti lake, wakatembea kilevi kama alivyotembea, wakamuuliza maiti deni la pombe nani atalipa. Mmoja akajilaza kaburini akakataa kutoka mpaka tulipompa kuku. Nilikuwa nimelia siku mbili. Ndipo nilipocheka, na baada ya kucheka nikaweza kula.

"Na mchungaji alikuwa wapi?" akaniuliza.

"Alikuwa pale pale, anacheka."

Aliipenda sana hadithi hiyo. Alinisimulisha tena na tena nyuma ya zizi, tukichambua maharagwe. Siku moja alinipeleka mjini kati kununua viatu vya mpira vya kuingilia zizini. Kila nguzo ya taa ilikuwa na tangazo la mganga kutoka Tanzania: anarudisha mpenzi, anaondoa mikosi, anakamata mwizi. Alikuwa anasimama kwenye kila nguzo ananisomea, watu wanatupita. "Ndugu yako huyu hapa tena. Anarudisha bwana. Mwambie wangu amwache huko huko." Nikamwambia ningemtaka huyo wa kukamata mwizi, nimpeleke getini kwake. Tulirudi mbavu zinauma, viatu vyenyewe nusura tuvisahau dukani.

Jumapili tu sikwenda kwake. Aliniambia mapema: Jumapili usije, watoto wanakuja. Walikuja na magari, mkubwa wao akitoka Kitisuru kwa wenye nacho, na mimi niliona ni haki mtu akae na wanawe.

Mwaka wa tano sukari ilianza kumla miguu. Tulikuwa hapo hapo nyuma ya zizi aliponiambia, "Mimi nikikufa, ufanye ile kitu yenu."

Nikadhani anatania. Hakutania. Akasema kanisani kwao wanalia mpaka wanasahau ni nani amekufa, na yeye hataki kuondoka hivyo. "Unichekeshe. Uniahidi."

Nikamwahidi. Tukapeana mikono, yake ina maganda ya maharagwe.

Alilazwa wiki mbili, akafa. Hospitali sikumwona, wanawe walisema ni jamaa tu. Siku nne za mikutano ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha nyuma na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Sikujali. Kwetu mtani haalikwi.

Siku ya kuzika walimchimbia kwenye shamba lake, chini ya zizi. Hema lilijaa, watu wa kanisa wamevaa skafu nyeupe. Mchungaji alipomaliza sala na vijana wakainama kushika kamba za jeneza, nikatokea zizini. Nimevaa viatu vyake vya mpira, nimefunga kitambaa chake cha kichwa alichokisahau kwangu, nimeshika kopo. Nikatembea mwendo wake, ule wa kuvuta goti la kushoto, mpaka kwenye jeneza, nikaligonga kwa kopo.

"Inuka, mwizi wa maji. Foleni imefika barabarani na wewe umelala. Au bomba limekauka?"

Wanawake wawili wa ploti yetu wakacheka. Niliwasikia. Mmoja alijifunika uso kwa karatasi ya programu, mabega yanamtikisika. Nikapata nguvu, nikajilaza kando ya kaburi, nikasema hashuki mtu hapa mpaka nipewe haki yangu.

Kwetu hapo mtu anakuja na kuku, au sarafu, na matusi ya kukujibu. Mimi nililala nikangoja. Nilichosikia ni neno linapita hemani kwa sauti ya chini, kutoka kiti hadi kiti. Mchawi. Ni wale wa Tanzania. Wanaume wawili wakanishika makwapa wakaninyanyua, na katika kuninyanyua kiatu kimoja kikanichomoka kikatumbukia kaburini. Mazishi yakasimama. Walimshusha kijana akakitoa kwa ncha ya jembe, hataki kukigusa. Jioni mkubwa wa watoto alivichoma vyote viwili kwa mafuta ya taa, pamoja na kile kitambaa.

Binti yangu alikuwa pale hemani. Alinifuata nyuma mpaka chumbani, akafunga mlango kwa komeo.

Siku tatu baadaye tukaambiwa tuhame. Mjukuu alikuwa ameanza shule jirani, na binti yangu hakuwa na mwanaume wala pa kwenda. Akaomba tukaonane na huyo mkubwa, akaniambia njiani, "Mama, leo usitanie mtu."

Nyumba ya Kitisuru ilikuwa na miti mingi kuliko mtaa wetu mzima. Ukutani kulikuwa na picha ya rafiki yangu amevaa kofia ya harusini. Sikujua kama ana kofia. Mwanawe hakuwa mkali. Alinivutia kiti.

"Cucu," akaniita, ndiyo bibi kwa Kikuyu, "nani alikutuma kwa mazishi ya mama?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ni mama yako. Nikaanza kusema kwamba mimi na mama yake tulikuwa marafiki, akanikatiza kwa upole, kama unavyomkatiza mgonjwa.

"Mama alikuwa anatuambia kila kitu. Wewe hajawahi kukutaja."

Miaka yote ile. Hata kama jirani, hata kama mpangaji mwenye mdomo. Nikaelewa zile Jumapili, na moyo ukanichacha kama maziwa yake ya jana. Alinitaka nimzike mbele ya watu, na yeye akiwa hai hakuthubutu kunikalisha mbele ya wanawe hata kwa kikombe kimoja cha chai. Aliniachia mimi kazi ya kumtambulisha, siku ambayo hawezi tena kunishuhudia.

Binti yangu alikuwa ananitazama.

"Hakunituma mtu, baba," nikasema. "Ni uzee. Kichwa kilinipotea."

Alivuta pumzi, uso ukamlainika. Akasema wataniombea, na tukae tu, habari ya kuhama imekwisha. Nje ya geti binti yangu akanishika mkono akaniambia asante, mama.

Tulikaa mwaka mwingine. Ploti nzima ikawa inanisalimu polepole na kwa sauti kubwa, kama anavyosalimiwa mtu asiyesikia. Hata wale wawili waliocheka. Baba wa chumba cha tisa alipofariki, nilikwenda kukaa na wafiwa kama watu wengine. Walinipa kiti cha mwisho kabisa, na mama mmoja wa kanisa akawekwa pembeni yangu, akanishika kifundo cha mkono kuanzia sala ya kwanza mpaka tulipotawanyika.