X Nyekundu Ukutani

Juzi nilipompeleka binti yangu chuoni Singe, harufu ya rangi mbichi ilinirudisha mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule mama alikuwa anapiga deki sebule ya jumba ambalo sasa ndilo chuo hicho, alilolitunza tukiishi humo tangu wenye jumba waondoke. Maofisa wa mkoa mpya waliingia, wakachora X nyekundu ukutani. Kwangu X ilikuwa na maana moja tu, kubomolewa. Niliukumbatia ukuta, rangi ikanishika shavuni.

"Msibomoe nyumba yetu!"

"Jumba halibomolewi, mwanangu," mmoja alisema. "Tunatoa ukuta huu tu, tupate darasa kubwa la chuo."

Nilicheka kwa furaha, nikamgeukia mama. Alikuwa amekaa chini, tambara likimchuruzikia maji mapajani. Nyuma ya ukuta ule ndipo kilipokuwa kitanda chetu.