Mlokole na Mtungi Wake wa Chai Iliyochacha

Habari za msiba zilinikuta sokoni Mugumu nikichagua dagaa, nikapewa na mama muuza nyanya ambaye hajawahi kuniletea jambo jema. "Yule mzee wako wa Nyambureti, wa kombucha, ametutoka," alisema, kisha akauliza kama nachukua fungu moja au mawili. Nilikasirika kabla sijahuzunika. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba sina tabia ya kugombana na maiti, na huyu nilimpenda. Ninaogombana nao ni wale waliomzunguka, waliomshangilia mpaka kaburini, na ambao siku ya mazishi walilia kwa sauti kubwa kuliko mjane wake.

Marehemu alikuwa mnywaji wa kutajika enzi zake, na boma lake halikukauka wageni. Kisha akaokoka, akaacha pombe siku hiyohiyo, na wageni nao wakamwacha. Si kwamba walimchukia. Huku kwetu ukimtembelea mtu mnakaa, mnazunguka chombo, hadithi zinakuja zenyewe, na soda hainogeshi hadithi ya ng'ombe aliyeibwa. Mzee wa watu akabaki anasalimiana na mbuzi wake. Ndipo Krismasi moja mpwa wake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Isibania, akamletea kitu ndani ya chupa ya siagi ya karanga. Kilikuwa utando mnene unaoteleza, kama ule unaoganda juu ya uji uliopoa. "Hii ndio inaitwa mama wa kombucha, anko," alimweleza. "Unapika chai ya rangi, unaweka sukari mingi, ikipoa unatumbukiza hii, unafunika na kitambaa. Wiki moja tu iko sawa. Na haina pombe, usijali." Mzee hakujali hata kidogo. Alinunua mtungi wa kioo, akaufunga mdomo kwa kipande cha kanga ya mkewe, akauweka kwenye kona ya sebule chini ya picha ya harusi yao.

Wageni walirudi kama kumbikumbi wanaoona taa. Waliookoka wote wa kata ile waligundua ghafla kwamba wana kiu. Nilikaa nao mara kadhaa na sikuwahi kuona watakatifu wachangamfu vile. Mzee wa kanisa mmoja, mtu anayetabasamu kwa nadra kama mvua ya Agosti, kikombe cha tatu kilimkuta akiimba wimbo wa kuchunga ng'ombe na kumpiga mwenzake makofi ya mgongoni. Nilipouliza kwa upole kama chai hiyo haijaanza kuwa kitu kingine, nilitazamwa kama mpelelezi. "Haina pombe," walinijibu kwa pamoja, na mmoja wao akakosa kiti alipotaka kukaa. Mpaka hapo mimi sikuwa na neno. Kinywaji kilikuwa kitamu, kichachu cha kusisimua ulimi, na mzee alikuwa na watu tena. Laiti wangeishia kukinywa.

Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumfikiria mgema mwenye kisukari. Mwanakwaya mmoja alitangaza kwamba goti lake limepona kwa kombucha. Kesho yake ilikuwa inatibu presha, keshokutwa vidonda vya tumbo, na kabla ya Pasaka hapakubaki ugonjwa ambao mtungi ule haukuuweza. Mzee mwenyewe alikuwa na sukari ya miaka, yenye vidonge na siku za kliniki. Akaanza kuruka kliniki, kisha akaruka na vidonge. Ukiwauliza wale wageni ushahidi wao, wote walikuwa na mmoja tu: "Si yeye mwenyewe anaonja kwanza?" Ni kweli, alikuwa akionja. Huku kwetu kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenye boma hajameza fundo la kwanza mbele ya macho yake, na yeye aliifuata mila hiyo kwa mbwembwe zote, akisimama, akiinua kikombe, akijifuta mdomo. Lakini mila ile waliitunga watu waliokuwa wakiogopa kuwekewa sumu na adui. Inakuhakikishia kwamba mwenyeji hataki kukuua. Haisemi lolote kuhusu ugonjwa wako, wala wa kwake. Watu wazima, wengine wamesoma mpaka vyeti vinabanduka ukutani, walimtazama mgonjwa wa kisukari akinywa chai ya sukari na wakaona hiyo ni tiba.

Mara ya mwisho kumtembelea nilimkuta na mguu juu ya kigoda. Jembe lilikuwa limemkata kidole gumba shambani, na kidonda kilikuwa cheusi. Kando yake kulikuwa na beseni la chai ileile.

"Unaosha kidonda kwa hii?" nilimuuliza.

"Mura, kijana wangu, hii inasafisha ndani na nje," alinijibu, akicheka. "Ninyi waandishi mnaamini vya kwenye karatasi tu."

"Mzee, twende hospitali. Pikipiki iko nje."

"Nikienda pale nitakaa kwenye benchi mpaka jua lizame, halafu yule binti wa umri wa mjukuu wangu anigombeze kwa sababu ya ugali. Hapa nani ananigombeza?"

Wageni wake wakacheka naye. Mmoja alinong'ona kwamba nina imani haba. Mkewe alisimama mlangoni na taulo mkononi, hakucheka. Nilijua wakati ule, na najua sasa, kwamba mzee alikuwa amesema ukweli mtupu: benchi linachosha, binti anagombeza, na mtungi hauna maneno. Ndiyo maana tunaipenda tiba ya sebuleni. Haituulizi tumekula nini. Walimpeleka hospitali alipokuwa hajitambui tena, na alifariki kabla mguu haujakatwa.

Mazishini nilisikia hotuba ndefu kuhusu mapenzi ya Mungu, ambaye husingiziwa mengi sana katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti. Hakuna aliyetamka neno sukari. Turubai halijashushwa, watu wakaanza kumsogelea mjane na vidumu mikononi. Yule mwanakwaya wa goti alikuwa mbele.

"Dada, tunaomba kipande cha mama," alisema. "Kazi ya mzee isipotee."

Mjane alimuuliza, "Wewe si una sukari?"

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana nataka."

"Vidonge umemeza leo?"

Mwanakwaya aligeuka kuwatafuta wenzake. Wote walikuwa wanatazama chini. "Niliacha," alisema. "Mzee alisema..."

"Mzee yuko pale," mjane akamwonyesha udongo mbichi. "Nenda kamwulize tena."

Watu waliguna kwamba mama huyu amekosa adabu siku ya msiba. Mimi nasema ndiye peke yake aliyekuwa na adabu pale. Wengine wote tulikuwa na ukarimu tu, ule wa kumwitikia mwenyeji kila asemalo maadamu kikombe chake kimejaa, na ukarimu huo umetuzikia watu wengi kuliko nyoka. Pikeni kombucha zenu, mnywe, muimbe mpaka mkose viti. Lakini kama una rafiki mgonjwa ameacha dawa, usimcheke wala usimsifu. Mkere. Mkere mbele ya wageni wake, mbele ya mchungaji wake, mpaka apande hiyo pikipiki. Akikasirika akaacha kukusalimia mwaka mzima, vumilia, maana atakuwa hai wa kukunyima hiyo salamu.